Mohari Mdomoni mwa Shangazi

Tangu baridi iingie Kolkata, Shangazi Sarajubala alikuwa akizungumza huku ana kitu mdomoni. Maneno yalimtoka yameegemea upande mmoja, kama ya mtoto anayeficha peremende shavuni asije akaombwa. Purnima, mwanamke aliyekuja kila siku kumhudumia, alidhani ni meno, maana mzee alibakiwa na machache na hayo yenyewe hayakuelewana. Mpwa wake, aliyekuwa akiishi naye, alidhani ni uzee. Watu wakishazoea kusema "ni uzee" huwa hawaangalii tena.

Asubuhi moja Purnima alikuwa akimsuuza mdomo kwa maji ya uvuguvugu, kikombe cha chuma kikagongwa na kitu. Haukuwa mlio mkubwa. Lakini chumba cha pili mpwa alikuwa ameinamia masanduku yake ya sarafu, na mtu aliyetumia maisha yake kugonga sarafu kwa ukucha na kusikiliza zinavyolia hadanganyiki upesi. Fedha hulia ikanyamaza. Shaba haina sauti ya kutajwa. Dhahabu hukawia. Mpwa aliinua kichwa.

Jina lake la vyeti lilikuwa Nirmalendu Kundu, lakini nyumbani na katika vichochoro vyote vya Bagbazar aliitwa Khokon, jina wanaloitwa watoto wa kiume kabla hawajaota meno. Yeye sasa alikuwa mstaafu wa ofisi ya bandari, ana mvi hadi kwenye nyusi, na bado ni Khokon. Hakuoa. Alichokuwa nacho ni sarafu za dhahabu za enzi za Waingereza, za Kampuni ya biashara iliyotawala kwanza na za wafalme waliofuata, kila moja imelala kwenye shimo lake katika mahameli ya buluu. Jumapili wenzake wa chama cha sarafu walikuja kunywa chai na kuzitazama, nao walizungumza kwa sauti ya chini kama walio hekaluni. Kila mara mmoja wao angeweka kidole kwenye shimo pekee lililokuwa tupu na kusema, "Bado tu, Kundu?"

Bado tu. Shimo hilo lilikuwa la mohari, sarafu nzito ya dhahabu, ya Kampuni ya mwaka 1835: upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba anayetembea mbele ya mnazi. Zilizokuwa zikizunguka mikononi mwa wakusanyaji nyingi zilipigwa baadaye, kwa kuwaridhisha matajiri waliozitaka. Ile ya kwanza, iliyotoka siku zake na kushikwa na watu waliokuwa wakinunua nayo vitu, Khokon alikuwa amewahi kuiona moja tu. Aliiona akiwa mtoto, juu ya kiganja cha shangazi yake, kwa muda wa kumeza mate, kisha kiganja kikafunga.

Na habari ya mohari hiyo ilijulikana na ukoo mzima. Saraju alipoolewa, alipelekwa kwa wakwe amefunikwa uso, na mama mkwe alipofunua ule ushungi kumwona bibi harusi kwa mara ya kwanza, alimwekea mohari mkononi, kama desturi inavyotaka. Uso wa mke hauonwi bure. Mume hakudumu. Homa ilimchukua kabla ya mwaka kwisha, na kabla majivu hayajapoa wale wale waliomfunua uso kwa furaha wakamvunja bangili, wakamfuta rangi nyekundu ya paji, wakamvua mikufu na hereni, na kumrudisha kwa kaka yake na nguo nyeupe ya ujane aliyoivaa. Walimpekua hadi kwenye nywele. Hawakumwambia afungue mdomo.

Hivyo ndivyo alivyofika nyumba ya Bagbazar, binti mdogo, hana mbele wala nyuma, ana dhahabu chini ya ulimi. Mke wa kaka yake alipofariki na kuacha mtoto mchanga, Saraju ndiye aliyemlea. Mtoto huyo ni Khokon.

Asubuhi ile ya kikombe, alipomsikia Purnima akipiga kelele, "Bibi, hiki nini tena, jamani!" Khokon hakukimbia. Alifunga sanduku lake kwanza, akageuza ufunguo, ndipo akaenda.

Shangazi alikuwa ameketi kitandani, kitanda kirefu cha miguu iliyochongwa, amejifunga shali na kuvaa kofia ya sufu ya kaka yake marehemu. Mdomo ulikuwa umebanwa.

"Shangazi, umeweka nini mdomoni?"

"Ulimi."

"Na kingine?"

"Meno mawili matatu. Unayataka na hayo?"

Purnima akaficha kicheko kwenye ncha ya sari yake. Khokon akavuta kiti, akaketi karibu kabisa.

"Fungua basi nione."

"Nilikupulizia uji kwa mdomo huu, wewe ukiwa huwezi hata kufukuza nzi. Leo unataka kuukagua kama mnunuzi wa ng'ombe?"

"Utapaliwa, Shangazi. Ni hatari. Nipe nikutunzie."

Ajuza akamtazama. Alikuwa na macho ya maji maji, lakini yalipomkazia mtu yalikazia kweli.

"Wewe? Unitunzie?" akasema. "Kama ulivyonitunzia kapu la Lakshmi?"

Kapu la Lakshmi lilikuwa kwenye kona ya ibada, ndani yake rupia za fedha za zamani zilizopakwa rangi nyekundu, ambazo Shangazi alizigusa kila Alhamisi akimwomba mungu wa neema asihame nyumba ile. Kati ya rupia hizo zilikuwamo chache adimu. Khokon alizitoa, moja leo, nyingine mwezi ujao, na mahali pake akaweka za kawaida zenye sura ileile ya malkia, akazipaka rangi nyekundu kwa kidole chake mwenyewe. Alijua hakuna wizi hapo. Rupia ni rupia, na mungu hasomi mwaka. Alidhani pia kwamba ajuza hasomi.

"Mimi sijui kusoma Kiingereza," Shangazi akasema, "lakini vitu nilivyovishika miaka yote hiyo navijua kwa vidole. Sikukwambia kitu. Nilisema moyoni, aha. Huyu nikifa, atanitia kipande cha bati mdomoni halafu awaambie watu ni dhahabu."

Maana hilo nalo ni desturi: mtu akikata roho hutiwa maji ya mto Ganga, jani la mrehani mtakatifu, na dhahabu mdomoni, ndipo aende. Siku hizi watu hununua kichembe kwa sonara, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na makuhani hawalalamiki. Shangazi alikuwa ameapa zamani kwamba yeye ataondoka na mohari yake nzima. Wakwe walimwacha atoke nayo bila kujua, na moto wa kuchomea maiti utamchukua nayo kila mtu akijua. Na anayestahili kuitia ni yule atakayewasha moto, yaani Khokon. Ndiyo maana aliamua kuitia mwenyewe mapema.

"Sitakutia bati, Shangazi. Nakuapia."

"Usiape, utaumwa tumbo. Nenda kaoe. Mohari hii ni ya kumwona bibi harusi uso. Niletee mke nimfunue, nitamkabidhi leo hii, wewe umesimama hapo hapo."

"Kwa umri huu?"

"Basi lete mjane mwenzangu!" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kirefu cha baridi kilichomwinamisha mbele. Purnima aliwahi mgongo. Khokon aliwahi kidevu. Alikuwa amekunja viganja vyake viwili chini ya mdomo wa shangazi yake, akiwa amevishikanisha vizuri kisibakie kitundu, kama mtu anayekinga maji ya bomba.

Kikohozi kilipoisha, Purnima aliitazama ile mikono. Akamfuta mzee na kwenda kumwaga maji.

Kuanzia siku hiyo Khokon aliacha kutoka. Chai ya asubuhi aliinywea kando ya kitanda, gazeti alilisomea pale, hata wenzake wa Jumapili aliwatumia salamu wasije. Majirani walimsifu. Mama wa nyumba ya pili alisema dirishani, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kwamba wana wa kuzaa wenyewe hawafanyi hayo, na kwamba Saraju amepata malipo yake duniani. Khokon alijibu kwa kuinamisha kichwa. Ukweli ni kwamba alikuwa akisikiliza. Shangazi akimung'unya, ilisikika sauti ndogo ya kitu laini kikisugua kitu kigumu, na kila ilipotokea alihisi inamkwangua yeye kwenye mfupa. Dhahabu ya zamani ni laini. Simba ana manyoya membamba shingoni, mnazi una makuti ya kuchongwa mstari mmoja mmoja, na sasa vyote hivyo vilikuwa vinasuguliwa na magego ya ajuza usiku na mchana. Zaidi ya karne na nusu haikuvifuta, na sasa jino lililotoboka litavifuta kabla ya majira ya kuchanua maua.

Alimpenda shangazi yake. Hilo nalisema mapema, maana watu hupenda kudhani mtu wa namna hii ni jiwe. Alimkanda miguu. Alimsomea visa vya miungu kwa sauti. Mzee alipolala na mdomo ukaachama kidogo, alimwinamia kumfunika shali vizuri, na kwa kuwa ameshainama, alichungulia. Mara moja aliona. Mwanga wa dirishani ulipenya kwenye ufa wa midomo, na ndani, kwenye weusi ule wenye unyevu, kulikuwa na ukingo wa njano. Alibaki ameinama hivyo hadi mgongo ukamuuma. Alipojiinua alimkuta Purnima mlangoni na trei ya dawa.

"Kaka," Purnima akasema taratibu, "unamwangalia yeye au unaangalia nini?"

"Namwangalia anavyopumua."

"Anapumua kwa pua."

"Fanya kazi yako, Purnima."

"Ndiyo hii ninayofanya."

Daktari Sanyal, aliyekuwa akiitibu familia hiyo tangu enzi za baba yake Khokon, aliitwa. Alijaribu kumbembeleza mzee, akamtania, akamvisha kilemba cha ukoka kwamba bado ni mrembo akifungua kinywa. Mzee akamwambia akamfungue mkewe. Barazani daktari hakucheka.

"Khokon, ile sarafu itoke. Koo lake limelegea. Siku moja itateleza, na haitakuwa habari ya kuniita mimi, kwa sababu nikifika nitakuta imekwisha. Mkiona amepaliwa, itoeni kwa chochote mtakachokipata. Chochote, mnanielewa? Vidole, kijiko."

"Na ikishuka tumboni?"

"Ikishuka tumboni ni nafuu. Itatoka yenyewe."

Purnima, aliyewafuata hadi pale, alitikisa kichwa kwa kuelewa. Khokon aliuliza jambo jingine, akilitamka kama jambo dogo: "Hiyo asidi ya tumboni, Daktari, haiwezi kuiharibu sura yake?"

Daktari akamtazama muda mrefu, mkono ukiwa bado kwenye kishikio cha mkoba.

"Sura ya nani?" akauliza. Kisha akashuka ngazi bila kunywa chai yake.

Jioni ile Khokon alipita kwa sonara wa njia panda akanunua kichembe cha dhahabu, cha kutia mdomoni mwa maiti. Sonara, mtu wa adabu, alimpa pole na kuuliza nani amefariki. Khokon akasema bado. Sonara alifunga kichembe katika karatasi ya waridi bila kuinua tena macho, na hakumuaga kama alivyozoea. Njiani Khokon alijisemea kwamba ni busara tu kujiandaa. Kwamba mohari ikitoka salama, Shangazi atapata kichembe chake, dhahabu halali, si bati, na kila mtu atakuwa amepata haki yake. Alikiweka mfuko wa kushoto. Wa kulia mlikuwa na kipande cha flana laini, kile cha kufunikia sarafu, ambacho hakikumtoka tangu siku ya kikombe.

Nyumba ilianza kuwa nzito. Shangazi aliacha utani. Alikuwa akimfuata mpwa wake kwa macho, kutoka kiti hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kiti, na akisogelewa alikunja midomo ndani. Alikataa kulishwa naye. Chakula kilichotoka mkononi mwa Purnima alikula.

"Ananiogopa?" Khokon alimwuliza Purnima jikoni siku moja.

Purnima alikuwa akimenya viazi. "Mimi nikuulize swali, Kaka, halafu unifukuze ukitaka. Hiyo sarafu ingekuwa mfukoni mwako tangu zamani, ungekaa naye hivi kutwa nzima?"

"Amenilea yule."

"Najua amekulea. Sikuuliza hilo."

Ilikuwa mchana, watu wa mtaa wamekula na kulala, madirisha ya mbao yamefungwa nusu ili jua dogo la baridi lisipotee wala lisiingie sana. Ni wakati wa sukari mpya ya mtende, maduka yote ya vitamutamu yananukia, na Shangazi alikuwa ameiomba tangu asubuhi kama mtoto. Purnima alimletea sandesh moja laini, kitamutamu cha maziwa cha rangi ya udongo, akaimega kwa kijiko. Mzee alifumba macho kwa utamu. Mara ya pili alifungua mdomo mwenyewe. Mara ya tatu alitaka kusema kitu, pengine alitaka kusifu, na akavuta pumzi.

Hapakuwa na kikohozi. Hilo ndilo lililomtisha Purnima: kimya. Mzee alikaa wima ghafla, mikono imeshika hewa, mdomo wazi, na hakuna kilichoingia wala kutoka.

"Bibi! Bibi Saraju!" Purnima akampiga mgongoni kwa kiganja, akampiga tena, akamwinamisha, akaingiza vidole viwili mdomoni. "Naigusa! Imekaa ubavu, inateleza, siwezi kuishika, Kaka, njoo!"

Khokon alikuwa ameshafika. Purnima alimwachia mzee mikononi mwake akakimbia jikoni, vyombo vikaanguka, akarudi na koleo la chuma la kuepulia sufuria, lile refu lenye meno ya kubania.

"Mshike kichwa! Mwangalishe juu!"

"Ngoja," Khokon akasema.

"Ningoje nini?"

"Lina meno hilo. Litaikwaruza."

Purnima hakuelewa. Nami nadhani ni watu wachache sana duniani wangelielewa neno lile mahali pale. Alinyoosha koleo, na Khokon akaliwahi, akampokonya, akatoa flana mfuko wa kulia.

"Sekunde moja tu. Nalivika."

"Kaka!"

"Sekunde moja."

Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Alizungusha flana kwenye taya moja ya koleo, akaikaza, akapinda ncha ndani ili isichomoke. Akaanza taya ya pili. Purnima alimrukia kutaka kumnyang'anya. Alimgeuzia bega, akamkinga kwa mgongo, kama mtu anayekinga kiberiti na upepo. Shangazi alikuwa ameegemea mto. Hakuwa akipambana tena. Macho yake yalikuwa kwenye koleo, kisha yakapanda kwenye uso wa mpwa wake, na yakabaki hapo.

Taya ya pili ilikaa vizuri. Khokon alipiga goti kitandani, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, kwa upole mkubwa, akaingiza koleo taratibu, akahisi ukingo, akabana, akavuta. Ilikuja bila taabu. Alikuwa na mkono mzuri, angekuwa daktari mzuri. Mohari ilianguka kwenye kiganja chake ikiwa na joto na uzi wa mate, na simba alikuwa pale, na mnazi, makuti yote pale pale. Aliigeuza. Chini ya shingo ya mfalme aliona herufi ndogo aliyokuwa akiitafuta maisha yake yote, ile ambayo zilizopigwa baadaye hazina. Ilikuwa ya kwanza. Ilikuwa ya kweli.

"Imetoka!" akasema, na furaha iliyokuwa kwenye sauti yake ilikuwa ya kweli pia. "Shangazi, imetoka, Shangazi! Nzima!"

Ndipo alipoona kwamba Purnima amekaa sakafuni, ameshika mkono wa mzee na kuuweka shavuni kwake, na hapigi kelele tena.

Alimwekea sikio kifuani. Alimpulizia mdomoni, mdomo uliokuwa bado na utamu wa sandesh. Alimtikisa, akamwita kwa majina yote ya utotoni. Purnima hakumsaidia wala kumzuia. Baadaye alinyanyuka, akafumba macho ya marehemu, akaenda dirishani kuwaita majirani.

Wanawake wa mtaa walikuja wakaosha mwili, wakamfunga kidevu kwa kitambaa, wakamweka maua. Kuhani alichelewa. Wote walimpa Khokon pole, wakamshika kichwa, wakasema ameonja matunda ya utumishi wake, Shangazi amekufa mikononi mwake. Na kila walivyosema ndivyo alivyozidi kupinda kwenye kiti. Hakuweza kumwangalia Purnima, na Purnima hakusema kwa mtu yeyote kilichotokea. Alikunja flana akaiweka juu ya meza, palipoonekana.

Kuhani alipokuja, alidondosha maji ya Ganga juu ya midomo, akaweka jani, akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Dhahabu."

Khokon alikuwa na karatasi ya waridi mfuko wa kushoto. Alitia mkono, akaigusa, akaiacha. Akatoa mohari mfuko wa kulia, mbele ya watu wote. Watu walishusha pumzi kwa kuona ukubwa wake. Nakwambieni hakuigiza. Wakati ule alitaka kumpa, alitaka kwa moyo wake wote, na kama moto ungekuwa pale angeingia nayo yeye mwenyewe.

Kitambaa kilifunguliwa, lakini kidevu hakikushuka. Kilikuwa kimeshakaza. Khokon alibonyeza kwa kidole gumba, akabonyeza tena, akaomba kwa sauti ya chini, "Fungua, Shangazi. Ni mimi, Khokon. Nakurudishia. Fungua." Wanawake waligeuza nyuso.

"Usimlazimishe," kuhani akasema. "Weka juu ya midomo. Inatosha."

Akaiweka juu ya midomo, simba akiangalia juu. Wanaume wakainua machela ya mianzi. Khokon, kama ilivyompasa, alishika mwanzi wa mbele, bega la kulia, na wakaanza kutoka wakilitaja jina la mungu Hari kwa pamoja, wakashika ngazi. Ngazi za nyumba zile ni nyembamba na zina kona mbaya. Kwenye kona machela iliinama kidogo, na mohari ikateleza kwenye midomo, ikapiga jiwe, ikashuka ngazi ikiviringika kwa ukingo wake.

Khokon aliachia mwanzi.

Machela ililala upande, kichwa cha marehemu kikageukia ukuta, maua yakamwagika, na mtu mmoja alipiga yowe. Kijana wa nyumba ya pili aliudaka mwanzi kwa mikono miwili kabla mwili haujaanguka, akabaki amebanwa ukutani, anahema. Kumtaja Hari kulikatika. Wote waliangalia chini. Pale ngazi zinapokutana na ua, penye jua, Khokon alikuwa amechuchumaa. Alikuwa ameiokota kwa ncha za vidole viwili, kwa ukingo, kama wanavyoshika wajuao, na alikuwa anaigeuzageuza kwenye mwanga, polepole, uso kisha mgongo, kisha ukingo wote hadi aliporudi alipoanzia.

Purnima alikuwa ametangulia na chungu cha maji, amesimama karibu naye kuliko wote.

"Vipi, Kaka?" akamwuliza. "Imeumia?"

"Hapana," Khokon akasema, kabla hajajizuia. "Nzima kabisa."